Kodiani Niliyoihukumu Bila Kuifungua

Ninyi vijana wa kwaya mlionijia juzi na kodiani ndani ya gunia la mahindi, mkaiweka miguuni pangu na kuniuliza, "Bibi, hii ni nzima au mbovu? Na ni ya aina gani?", mnisamehe kwa kuwa sikuwajibu. Mliponiona nimenyamaza mkatazamana, mkadhani sikusikia. Nilisikia. Masikio yangu bado mazima. Kilichochoka ni magoti. Nilinyamaza kwa sababu swali hilo niliwahi kulijibu haraka, nikiwa na umri kama wenu, na jibu langu likamtoa mama mmoja karakanani kwetu akiwa mikono mitupu. Leo nimekaa kivulini, chai ipo, haraka sina. Nitawajibu vizuri.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuanza na vinanda. Nilikuwa fundi cherehani. Enzi za Ujamaa tulikuwa na karakana ya ushirika hapa Sumbawanga mjini, maseremala upande mmoja, washona viatu upande mwingine, na sisi wa cherehani karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga. Kule pembeni, nyuma ya madawati yaliyosubiri kupigwa randa, alikaa mzee mmoja aliyeitwa Fundi Gaspari. Yeye alitengeneza chochote chenye sauti: vinanda vya makanisa, magitaa, ngoma za shule zilizopasuka, na hizi kodiani. Ufundi aliupata ujanani kwenye karakana ya misheni, kwa bruda mmoja, mtawa wa Kizungu ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa mkali kama pilipili na hakujua kucheka.

Siku moja Fundi Gaspari alinijia na mivukuto ya kodiani, ile sehemu ya katikati inayokunjuka na kukunjika, imechanika kona.

"Binti, unaweza kushona kona isiyopitisha pumzi?"

Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Sijui kona ya namna hiyo inashonwaje."

"Marahaba. Shona kama unashona mfuko wa unga wa ulezi, na una wifi mchoyo anayehesabu kila punje."

Nikashona, nikabandika ngozi juu ya mshono. Akaichukua, akaiweka karibu na shavu lake, akaibana polepole asikie kama kuna upepo unaomgusa. Akaibana tena. Kisha akaenda zake nayo. Kesho yake nikakuta kiti changu kimehamishiwa kwenye meza yake. Hivyo ndivyo nilivyohama kazi. Hapakuwa na barua wala mkutano.

Mzee yule sikio la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilikuwa njiani. Mnaweza kucheka, mtu anayelinganisha sauti za vinanda hasikii! Lakini alikuwa na njia yake. Aliweka kidevu juu ya boksi la kodiani, akafumba macho, akabonyeza kibao. Sauti ilimpitia kwenye mfupa. Mara nyingi mimi mwenye masikio mawili nilisema, "Iko sawa, Fundi," naye akanijibu bila kufumbua macho, "Inatetemeka, binti. Sauti mbili zinagombana." Nikisikiliza tena nakuta kweli zinagombana.

Makosa niliyoyafanya kwenye meza ile ni mengi. Nitawapa mawili tu msije mkayarudia. La kwanza, niliona ndimi za chuma zina kutu. Ndimi ni vile vibati vyembamba vilivyomo ndani, ndivyo vinavyotetemeka na kutoa sauti. Nikazipaka mafuta, kama mtu anavyopaka cherehani. Kodiani ikawa bubu wiki nzima. Ulimi wa kodiani haupakwi kitu. Unakwanguliwa taratibu kwa ncha, basi. La pili, asubuhi moja ya mwezi wa saba, ule upepo wetu wa Ufipa unaingia mpaka kwenye mifupa, nilianika kodiani ya parokia juani ili ikauke unyevu. Nikajisahau, nikaenda kunywa uji. Niliporudi jua limeshakuwa kali, nta yote iliyoshikilia ndimi ilikuwa imeyeyuka, ndimi zimedondoka chini ndani ya boksi. Nikiitikisa inalia kama kopo la njugu. Fundi Gaspari hakunigombeza. Alinipa kopo tupu na kusema, "Zihesabu. Ukimaliza, zipange." Ilinichukua siku nne.

Sasa nije kwenye swali lenu.

Mkiletewa kodiani ya zamani, msianze kuipiga. Anzeni kwa kuitazama imefungwa. Kodiani ya mwanafunzi ni ndogo, mtoto wa darasa la sita anaweza kuibeba kifuani. Vibao vyake ni vichache, na vile vitufe vya besi vya mkono wa kushoto havifiki hata nusu ya vile vya kodiani ya mpigaji mkubwa. Mara nyingi utakuta mtu amebandika au kuandika do, re, mi juu ya vibao. Hapo unajua kuna mtu alijifunzia. Inuseni. Ikinuka uvundo, ndani kuna unyevu, na penye unyevu pana kutu. Ikinuka mkojo, panya wameingia. Halafu fungueni vikanda, muishike kwa upande wa vibao, upande wa besi uning'inie hewani bila kubonyeza chochote. Ikishuka polepole kama mzee anayeketi, mivukuto ni mizima. Ikidondoka mara moja, inavuja. Hapo ndipo mbonyeze kila kibao mara mbili, mkivuta na mkibana, kwa sababu ulimi wa kuvutia si ule wa kubania. Mmoja unaweza kuwa hai na mwenzake amekufa.

Na mkimaliza hayo yote, hamjajua kitu bado. Lazima muifungue. Mchomoe pini moja moja, mtenganishe boksi na mivukuto, mtazame ndani. Hili la mwisho ndilo nililoliruka.

Ilikuwa msimu wa kuvuna ulezi, na Fundi Gaspari alikuwa ameenda kwao Mollo kusaidia mavuno. Aliniachia meza kwa mara ya kwanza. "Ukiletewa kazi, iangalie, uandike taarifa, uweke sahihi yako," aliniambia. Sahihi yangu! Kwa siku mbili nilikuwa nikiijaribu kwenye vipande vya karatasi, naizungushia mkia.

Siku ya tatu wakaja watu wawili kutoka kijiji kimoja cha ujamaa kule bondeni, upande wa Muze. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, Mwalimu Benedikto, kijana msafi, kalamu mbili mfukoni. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyefunga kitambaa cheusi cha msiba. Aliitwa Mama Leokadia. Alikuwa amebeba kodiani nyekundu mgongoni, kwa kitenge, kama mtoto.

Mwalimu Benedikto ndiye aliyeeleza. Yeye alikuwa mgeni pale shuleni. Kwenye daftari la makabidhiano alikuta imeandikwa kwamba shule ilipokea kodiani moja nyekundu ya wanafunzi, lakini stoo haikuwemo. Akasikia kwamba kwa marehemu Mwalimu Alfonsi, mume wa mama huyu, aliyefundisha pale miaka mingi, kuna kodiani nyekundu. Mama akasema ni ya mumewe, alikuja nayo tangu chuo cha ualimu. Kijiji kikagawanyika maneno. Mwenyekiti akaamua: iende kwa mafundi mjini, waseme ni ipi, na kama bado inafaa.

"Sisi hatutaki ugomvi," alisema Mwalimu Benedikto. "Tunataka kujua tu."

Nikaiweka mezani. Nikaitazama. Nyekundu, vitufe vya besi arobaini na nane, do-re-mi zimeandikwa kwa rangi nyeupe, kibandiko cha kiwanda kilekile. Nilikuwa nimeshashika kama tano za namna ile, zote zililetwa na shule za wilayani, zile walizogawiwa baada ya mkoa wetu kuanzishwa. Nikaining'iniza, ikashuka haraka kidogo. Nikabonyeza vibao, vinane vilikuwa bubu. Nikajiona fundi kamili.

"Hii ni ya mashuleni," nikasema. "Inatengenezeka. Itafaa."

Mama Leokadia akauliza kwa sauti ndogo, "Umeiangalia na ndani, dada?"

"Mama, hizi nazijua. Zote ziko hivihivi."

Nikaandika taarifa. Nikaweka sahihi, na mkia wake. Mwalimu Benedikto akaikunja karatasi vizuri, akaiweka mfukoni pamoja na kalamu zake. Tukakubaliana kodiani ibaki itengenezwe, ikipona iende shule. Mama Leokadia akasogea, akafuta vumbi kwenye vibao kwa kiganja, kimoja kimoja, vyeupe kisha vyeusi. Akaniambia, "Asante, dada." Akatoka na kitenge chake kimelegea mgongoni.

Hakulia wala hakubisha. Angenitukana ningepata la kujibu. Ile asante nilishinda nayo mpaka jioni, sijui niiweke wapi.

Fundi Gaspari akarudi baada ya juma moja, nywele zimejaa makapi ya ulezi. Nikamwonyesha kazi niliyopokea. Akasoma nakala ya taarifa yangu, akatikisa kichwa kama anayekubali, akavuta kodiani, akaanza kuchomoa pini. Sikuwa na wasiwasi. Akaifungua, akainua ubao wenye ndimi, akausogeza puani, akanusa. Akakwangua nta kidogo kwa ukucha. Akaitia mdomoni, akaitafuna.

"Nani amesema hii ni ya shule?"

"Mimi, Fundi."

"Hii nta ni yangu."

Sikumwelewa. Akanivuta mkono, akanionyesha. Nta ya kiwandani ni ya njano na laini. Hii ilikuwa ya kahawia, karibu nyeusi, na ngumu. "Zamani kule misheni," alisema, "kodiani ikija kutoka bondeni nilikuwa naipikia nta yake peke yake. Bondeni kuna joto. Nta ya kawaida inalainika, ndimi zinalegea. Nilichanganya nta ya nyuki na utomvu mwingi wa mti uliokuwa nyuma ya karakana. Mti wenyewe ukaja kukatwa wajenge ghala. Tangu ulipokatwa sijaipika tena nta hii. Na ulikatwa kabla ya mkoa kuanza, binti. Kabla hizo kodiani za shule hazijafika."

Nikaitazama sahihi yangu kwenye ile nakala.

"Kwa hiyo…"

"Kwa hiyo hii nilishaitengeneza, mtu wa bondeni akaichukua, wakati za shule hazijatoka hata kiwandani. Sura yake siikumbuki, walikuja wengi. Ila mkono wangu naukumbuka." Akaichukua tena taarifa yangu, akaisoma safari hii polepole. "Mama wa watu ni mjane?"

"Ndiyo."

"Na mumewe alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Basi hukumnyang'anya kodiani tu. Umewaambia watu wa kijiji chake kwamba marehemu alikuwa mwizi. Na umeweka sahihi."

Nilikaa chini kwenye maranda ya mbao. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi niliona kodiani, vitufe na kibandiko, mtu sikumwona. Fundi Gaspari aliniacha nilie kidogo, akaendelea kukung'uta vumbi kwenye mivukuto. Kisha akaniita nione kitu. Ndani ya mivukuto, kwenye mikunjo ya katikati, palikuwa na kiraka kirefu cha kitambaa, kimebandikwa vizuri sana. Kilikuwa kipande cha khanga, pindo jeusi na maua ya njano. "Miaka ile hatukuwa na kitambaa," alisema. "Nilikuwa namwambia mteja aje nacho mwenyewe."

Nilitaka kukibandua niweke kipya. Akanipiga kofi mkononi. "Kinavuja?" Hakikuwa kikivuja. "Basi kiache."

Tuliitengeneza kwa siku tano. Nilibadilisha vile vingozi vidogo vinavyokaa juu ya ndimi, vilikuwa vimejikunja kama majani ya maharage wakati wa kiangazi. Nilishona kona mbili. Yeye akaweka kidevu na kulinganisha sauti. Ilipokuwa tayari nikamwambia, "Fundi, nitawaandikia barua."

"Karatasi ya kwanza ilisema uongo. Wakipata ya pili wataziweka zote mbili mezani zibishane. Nenda wewe."

"Twende wote, basi."

"Mimi nikienda watasema mzee amekuja kumtetea mtoto wake. Ukienda peke yako watasema fundi amekuja kusahihisha kazi yake." Akanifungia kodiani kwenye blanketi.

Nilishuka na lori la Salehe, kijana wa familia moja ya wafanyabiashara wa mjini waliokuwa wakifuata mpunga kule bondeni. Alinifungulia mlango wa mbele kwa heshima. Nikamwambia hapana, pale mbele miguuni pana joto la injini, nta itayeyuka. Nikapanda nyuma, juu ya magunia matupu, kodiani mapajani, nimeitengenezea kivuli kwa mwavuli. Tulipoanza kuteremka ule mteremko wa kwenda bondeni, baridi ya juu ikabaki nyuma yetu na joto likatupanda usoni kama mvuke wa chungu. Kila kona Salehe alitoa kichwa nje. "Fundi! Bado ina roho?" Nami namjibu, "Wewe tazama njia!"

Mwenyekiti aliitisha watu mchana uleule, mbele ya ofisi ya kijiji. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mama Leokadia alikaa pembeni na wanawake wenzake, macho chini. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanakijiji. Mimi ndiye niliyeandika kwamba kodiani hii ni ya shule. Niliandika bila kuifungua. Nilikosea. Nimekuja kuwaomba radhi, na kumwomba radhi mama huyu mbele yenu."

Minong'ono ikazuka. Mwalimu Benedikto akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya. Aliuliza swali ambalo ningeuliza hata mimi. "Ndugu fundi, juma lile ulisema hivi kwa uhakika. Leo unasema vile kwa uhakika. Sisi tushike lipi?"

Nikaifungua mbele yao, kwenye meza ya mwenyekiti. Nikawaonyesha nta, nikaeleza habari ya mti uliokatwa. Wazee wakainama, wakatazama, wakarudi kukaa. Mmoja akasema, "Kwangu mimi nta ni nta." Watu wakacheka. Niliona maneno yangu yanapotea. Nikainua mivukuto, nikaikunjua juani waone kazi yote ya ndani, kwa kuwa sikuwa tena na kingine cha kuonyesha.

"Hebu!"

Alikuwa Mama Leokadia. Alikuja mpaka mezani, akaingiza kidole kwenye mikunjo, akagusa kile kiraka. Akageuka, akatoka mbio. Kweli mbio, mama mzima yule, ndala moja ikabaki njiani. Watu wakasimama kumtazama, hatujui lililompata. Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Umemfanya nini?"

Mama Leokadia akarudi anahema, ameshika khanga. Ya zamani, imepauka, lakini maua yake yalikuwa ya njano na pindo lake jeusi. Akaitandaza mezani. Upande mmoja pindo halikuwepo. Lilikuwa limekatwa, kipande kirefu, kwa mkasi, mstari umenyooka kama wa rula ya mwalimu.

"Hii ni khanga ya harusi yangu," alisema. "Niliikuta hivi mwaka tulipopata mtoto wa kwanza. Nikamuuliza Alfonsi, nani amekata khanga yangu? Akaniambia ni panya." Akatutazama sote, mmoja mmoja. "Panya! Nikamwamini! Nikafuga paka!"

Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Mwenyekiti alishika tumbo. Mama Leokadia naye alicheka, mkono mdomoni, akicheka na kurudia, "Paka watatu, jamani, nimefuga paka watatu," mpaka kicheko kikageuka bila yeye kujua, akawa analia. Wanawake wakamzunguka. Mwenyekiti akasogeza mivukuto kwenye khanga, pindo kwa pindo. Ua lililokatwa nusu likakutana na nusu yake.

Mwalimu Benedikto aliinuka, akavua kofia. "Mama, nilisoma daftari tu. Naomba unisamehe mimi na daftari langu."

Mama Leokadia akafuta macho. "Mwalimu, sikuwa nakataa watoto waipige. Yeye aliinunua ili watu waimbe. Hata mimi kusoma nilijifunza jioni zile za elimu ya watu wazima, anatupigia, sisi tunaimba a-e-i-o-u. Nilichokataa ni iende shuleni kama kitu kilichoibwa."

Hapo mzee mmoja wa ushirika akakuna kichwa, akasema kwamba, kwa kuwa yanazungumzwa mambo ya kodiani, kwenye ghala la mbegu kuna sanduku moja lenye kibandiko cha shule, liliwekwa pale wakati paa la shule lilipoezuliwa na upepo, na hakuna aliyekuja kulichukua. Vijana wakatumwa. Wakaja nalo. Ndani mlikuwa na kodiani nyekundu, na ndani ya kodiani familia nzima ya panya, mama na watoto. Kwa hiyo panya walikuwepo kweli, ila kwenye kodiani nyingine. Ile nayo nilipanda nayo mjini. Tuliihangaikia miezi mitatu, haikupona vizuri kamwe.

Nililala kwa Mama Leokadia. Tulikula wali kwa samaki wa ziwani, akanisimulia habari za mumewe, zaidi zile za kuchekesha. Hakunikumbusha kosa langu. Niliondoka kwake nikijua kwamba mtu akikusamehe bila kukupa hotuba, utamkumbuka maisha yako yote.

Asubuhi, kabla lori la Salehe halijaja, alijitwika kodiani kichwani, tukaenda naye shuleni. Darasa lilikuwa limeanza. Mwalimu Benedikto alitoka nje, akajifuta chaki, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Nakuazima," Mama Leokadia alimwambia. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ilale kwangu."

"Nimekubali, mama."

Mwalimu akaivaa, akajaribu wimbo mmoja wa shule. Alikosea sana, watoto wakaimba hivyohivyo, kwa nguvu zao zote. Alipomaliza mivukuto ilikuwa wazi, na akataka kuifunga kwa kuibana. Ikagoma kufungika. Akabonyeza kibao, ikapiga kelele. Mimi nikapiga hatua mbele nimwelekeze, kwa kuwa mimi ndiye fundi.

Mama Leokadia alikuwa ameshafika. Alipitisha kidole upande wa kushoto, juu ya mkanda, pale penye kitufe kimoja kilichojitenga, kisicho na sauti, ambacho kazi yake ni kutoa upepo tu. Akakibonyeza.

"Bonyeza hiki kwanza, mwalimu," alisema. "Baba Leokadia alikuwa anaifunga hivi watoto wakishalala."

Mivukuto ikarudi polepole, yenyewe, ikatoa pumzi ndefu. Watoto darasani wakaisikiliza mpaka ilipoisha. Mama Leokadia hakuondoa kidole. Akamwambia mwalimu, "Ifungue tena kidogo." Mwalimu akaifungua. Mama akaiacha ihema mara ya pili.